Hita ya Gari Inapong'ang'ania Joto Upande Mmoja: Namna ya Kutafuta Chanzo

Gari lenye kiyoyozi cha pande mbili humruhusu dereva kuchagua kiwango chake cha joto na abiria wa mbele kuchagua chake. Hitilafu inayozungumziwa hapa hujitokeza pale ambapo upande mmoja unaacha kutii: kipimo kimewekwa chini kabisa, lakini matundu ya upande huo yanaendelea kutoa hewa ya moto kana kwamba hita imefunguliwa hadi mwisho, ilhali upande wa pili unapoa kama kawaida. Ule upande ulio mzima umekwisha kutuondolea washukiwa wengi. Bloa, yaani feni inayosukuma hewa, ni moja kwa pande zote mbili, thamostati inayodhibiti joto la maji ya injini ni moja, na rejeta ndogo ya hita kwa kawaida ni moja. Vitu hivyo vikiharibika, pande zote mbili huathirika. Kwa sababu hiyo kubadilisha thamostati, ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko unavyostahili, hakutasaidia chochote.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, kuna swali linalopaswa kujibiwa, na mengine yote katika mwongozo huu yanategemea jibu lake: je, upande ule unapewa joto usilolihitaji, au unanyimwa baridi tu? Siku ya jua kali mambo haya mawili hufanana yakipimwa kwa kiganja cha mkono, lakini vyanzo vyake havina uhusiano, na anayeyachanganya huishia kununua vifaa ambavyo gari halikuvihitaji.

Hewa inavyopata joto lake

Bloa huvuta hewa na kuisukuma ndani ya kasha kubwa la plastiki lililojificha nyuma ya dashibodi. Hewa hiyo hupita kwanza kwenye evapareta, ambako hupozwa ikiwa AC imewashwa, kisha hufika njia panda. Njia moja huipeleka kupitia rejeta ndogo ya hita, yenye maji ya moto kutoka kwenye injini. Njia nyingine huipitisha kando bila kuigusa rejeta hiyo. Kwenye njia panda hiyo kuna mlango wa kuchanganyia hewa. Mlango ukiziba kabisa njia ya rejeta, hewa hutoka ikiwa baridi. Ukiifungua yote, hutoka ikiwa ya moto. Ukisimama katikati, mikondo miwili huchanganyika na kutoa joto la wastani. Katika magari mengi maji ya moto huzunguka ndani ya rejeta hiyo wakati wote injini inapofanya kazi, hata katikati ya kiangazi, na kinachomkinga abiria na joto hilo ni mlango huo mwembamba wa plastiki peke yake.

Gari la pande mbili lina ukuta unaoligawa kasha hilo, lenye mlango mmoja kila upande. Kila mlango huzungushwa na mota ndogo ya umeme yenye gia za plastiki, ambayo hupokea amri kutoka kwenye kompyuta ya kiyoyozi na, katika aina nyingi, hurudisha taarifa ya mahali ilipofika.

Kuna muundo wa pili ambao hudhibiti maji badala ya hewa, na umetumika sana katika magari ya BMW na Mercedes-Benz ya miaka ya nyuma. Humo rejeta ya hita imegawanywa sehemu mbili, na valvu mbili za umeme, ambazo mara nyingi huungwa katika kipande kimoja, hupunguza au kuongeza maji ya moto yanayokwenda kila upande. Valvu hizo hujifunga zinapopewa umeme na kufunguka zenyewe zinapoukosa. Waliozibuni walipendelea gari lililoharibika libaki na joto la kuondolea ukungu kwenye kioo cha mbele kuliko kulikosa kabisa. Matokeo yake ni kwamba waya ukikatika au koili (waya uliozungushwa ndani ya valvu) ikiungua, upande husika huchemka.

Unaweza kutambua muundo wa gari lako kwa kufungua boneti na kuifuata mipira ya maji inayoingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na chumba cha abiria. Mipira miwili tu isiyo na kizuizi chochote njiani huashiria muundo wa milango. Mipira mitatu, pamoja na kipande chenye plagi ya umeme katikati yake, huashiria muundo wa valvu.

Kipimo cha kwanza, ambacho hakigharimu kitu

Tafuta kipimajoto chembamba kinachoweza kuingia kwenye tundu la hewa. Hata kile cha kupimia nyama jikoni kinafaa. Endesha gari hadi injini ipate joto lake kamili, kisha liegeshe kivulini injini ikiendelea kunguruma. Zima AC na uhakikishe taa yake imezimika kweli, kwa sababu baadhi ya mifumo ya otomatiki huiwasha upya yenyewe mara kipimo kinapofika chini kabisa. Zima pia mzunguko wa hewa ya ndani ili hewa iingie kutoka nje, weka bloa kiwango cha kati, elekeza hewa kwenye matundu ya dashibodi, na teremsha pande zote mbili hadi alama ya LO. Subiri dakika 5. Pima joto la hewa ya nje karibu na sehemu ya chini ya kioo cha mbele, mahali hewa inapoingilia, halafu pima tundu la mwisho kushoto na tundu la mwisho kulia. Matundu ya katikati hayafai sana kwa kipimo hiki, kwa kuwa huweza kupokea mchanganyiko wa pande zote mbili.

AC ikiwa imezimwa na milango ikiwa imefunga sawasawa, hewa itokayo ndani inapaswa kuizidi ya nje kwa nyuzi chache tu za sentigredi, kwa sababu imepita karibu na injini yenye joto. Ukikuta upande mmoja unazidi kwa nyuzi 20 au 30, jibu limepatikana: upande huo unapewa joto, na kosa liko kwenye mlango, mota, amri au valvu. Ukikuta pande zote mbili zinakaribiana na joto la nje, hita haina hatia, na unachokosa ni baridi ya AC upande mmoja. Tofauti ya nyuzi 7 au 10 iko kati na kati. Kwa kawaida humaanisha mlango unafika karibu na mwisho wa safari yake lakini haufungi vizuri.

Niliwahi kukiruka kipimo hiki kwenye gari langu mwenyewe. Nilifungua dashibodi nusu, nikabadilisha mota ya upande wa abiria, nikarudisha kila kitu mahali pake, na upande ule ukabaki na uvuguvugu uleule. Gesi ya AC ilikuwa imepungua. Dakika 5 za kipimajoto zingeniokolea Jumamosi nzima.

Ukishagundua kwamba joto linatoka kwenye hita, unaweza kulithibitisha kwa njia moja zaidi. Injini ikiwa imepoa, bana mpira mmoja wa maji ya hita kwa banio maalumu la mipira, lenye midomo laini ya mviringo, kisha washa injini na uisubiri ipate joto huku ukiutazama mshale wake. Hewa ya moto ikitoweka, maji ya rejeta ndiyo yaliyokuwa yakiipasha, na mlango wa upande ule hauyazuii. Koleo la kawaida litaupasua mpira, hasa ule uliozeeka, na mpira ambao umekwisha kuwa mgumu kama ubao ni heri usibanwe kabisa.

Upande unapokosa baridi tu

Inashangaza mwanzoni kwamba upungufu wa gesi, ambao ni wa mfumo mzima, unaweza kuonekana upande mmoja peke yake. Sababu yake iko ndani ya evapareta. Gesi huingia humo ikiwa kimiminika na kupoza kadiri inavyochemka na kugeuka mvuke. Ikiwa ni kidogo, kimiminika chote huisha kuchemka karibu na mlango wa kuingilia, na sehemu iliyobaki ya evapareta hupitiwa na mvuke ambao hauna uwezo wa kupoza. Hewa inayopita sehemu ya mwanzo hutoka ikiwa baridi sana, na inayopita sehemu ya mbali hutoka ikiwa vuguvugu. Kwa kuwa ukuta wa ndani ya kasha huitenga mikondo hiyo miwili, abiria mmoja hufurahia na mwenzake hutokwa jasho.

Dalili nyingine za hali hii ni kwamba tofauti kati ya pande hizo hupungua injini inapozungushwa kwa kasi, na kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, huwaka na kuzima mara kwa mara kuliko kawaida. Hapa kazi ni ya fundi mwenye geji za kupimia shinikizo na mashine ya kunyonyea gesi. Magari mengi hutumia gesi ya R-134a na mengi ya karibuni hutumia R-1234yf, na mbili hizo hazichanganywi wala hazitakiwi kuachiliwa hewani. Mfumo haumalizi gesi kama injini inavyomaliza petroli. Ikiwa imepungua sana, kuna mahali inapovuja, na kuijaza bila kupatafuta mahali hapo ni kuahirisha tatizo.

Amri na vitambuzi

Turudi kwenye joto halisi. Kabla ya kuilaumu mota, hakikisha inaamriwa jambo sahihi. Mfumo wa otomatiki husoma vitambuzi kadhaa: cha joto la ndani, cha joto la nje, cha jua kilichokaa juu ya dashibodi, na katika baadhi ya magari vitambuzi vilivyo ndani ya njia za hewa za kila upande. Kitambuzi cha jua cha magari ya pande mbili mara nyingi hupima kushoto na kulia kwa kutengana, ili upande unaopigwa na jua upewe hewa baridi zaidi. Kwa hiyo tofauti ndogo kati ya pande mbili wakati jua liko ubavuni mwa gari si hitilafu; mfumo unafanya ulichobuniwa kufanya.

Kuna ujanja rahisi wa kuvitenga vitambuzi. Katika mifumo mingi, LO na HI si viwango vya joto. Ni amri za kufunga au kufungua moja kwa moja, na kompyuta huacha kuvisikiliza vitambuzi pindi zinapochaguliwa. Ikiwa upande wako unapoa vizuri kwenye LO lakini unatoa moto ukiwekwa kwenye nyuzi 20 au 22, mlango na mota ni wazima, na shaka ihamie kwenye kitambuzi. Ikiwa unatoa moto hata kwenye LO, viache vitambuzi jinsi vilivyo na uendelee mbele. Jaribu pia kitufe cha kuunganisha pande zote, chenye jina la SYNC au DUAL: gari ambalo upande wake wa abiria unapona pande zinapounganishwa linaweza kuwa na kosa kwenye swichi ya abiria yenyewe.

Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu husaidia, mradi iwe na uwezo wa kuingia kwenye kompyuta ya kiyoyozi. Ile ndogo ya bei rahisi husoma injini tu, na kutokuta msimbo humo hakuthibitishi lolote kuhusu hita. Mashine nzuri huonyesha mlango ulipoamriwa kwenda na mahali ulipo kwa asilimia. Ukiona amri inasema 0 na mlango unasema 100, nusu ya uchunguzi imekwisha. Baadhi ya magari hujipima yenyewe kwa mchanganyiko wa vitufe. Katika Toyota nyingi, kwa mfano, kushikilia AUTO pamoja na kitufe cha mzunguko wa hewa ya ndani huku ukifungua swichi ya gari huanzisha ukaguzi wa vitambuzi na mota. Ukaguzi wa namna hiyo usifanyike ndani ya banda lenye giza, kwa sababu kitambuzi cha jua kisipopata mwanga hutoa msimbo wa hitilafu kikiwa kizima.

Kabla ya kufungua chochote, ipe kompyuta nafasi ya kujirekebisha. Betri ikiisha umeme au ikibadilishwa, kompyuta huweza kupoteza kumbukumbu ya mwanzo na mwisho wa safari ya kila mlango, na upande mmoja ukabaki umesimama mahali pasipofaa. Kitabu cha gari au cha matengenezo hueleza utaratibu; katika magari mengi ni kutoa fyuzi ya kiyoyozi kwa dakika moja au zaidi, kuirudisha, kufungua swichi, kisha kuacha vitufe vyote bila kuguswa hadi mota zimalize kutembea kutoka ukingo hadi ukingo. Wakati huo zima redio, funga madirisha, na usikilize.

Kusikiliza mota na kuifikia

Masikio yanaeleza mengi. Mota nzima hutoa mlio hafifu wa kuzunguka kwa sekunde chache na kunyamaza. Mlio wa kugonga, ta-ta-ta, unaosikika nyuma ya dashibodi kila gari linapowashwa au joto linapobadilishwa, ni wa gia ya plastiki iliyovunjika jino: mota inazunguka, lakini jino lililokosekana halishiki, na mlango unarukaruka papo hapo. Ukimya kamili unaweza kumaanisha mota iliyokufa, waya uliokatika, au kompyuta isiyotoa amri. Kuna pia mota inayozunguka kwa sauti safi kabisa na joto lisibadilike hata kidogo. Hiyo ni dalili ya mlango uliovunjika mhimili wake, na ndiyo usiyotamani kuikuta.

Mota ya upande wa abiria hupatikana mara nyingi baada ya kutoa droo ya dashibodi. Ya dereva huwa kando ya kasha, juu ya pedali ya mafuta au nyuma ya kifuniko cha kati. Kwa kuwa maeneo hayo yamepitiwa na nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo plagi zake kwa kawaida huwa za rangi ya manjano, fungua waya hasi wa betri na usubiri muda ambao mtengenezaji ameuweka kabla ya kushika chochote. Toyota, kwa mfano, hutaja angalau sekunde 90, na wengine hutaka dakika kadhaa. Ikiwa redio ya gari inahitaji namba ya siri baada ya kukosa umeme, itafute namba hiyo kwanza.

Ukishaiona mota, rudisha umeme na mwombe mtu abadilishe kipimo kutoka LO hadi HI huku wewe ukitazama kijiti chake kwa tochi. Kikizunguka robo mzunguko hivi kwenda na kurudi bila kusitasita, mota imeitika. Kisipotikisika, chukua multimita, kifaa cha kupimia umeme. Aina moja iliyoenea sana ina nyaya 5: mbili za kuizungusha mota na tatu za kupima mahali ilipo. Katika hizo tatu, mmoja hubeba volti 5 zisizobadilika, mmoja ni wa ardhi, na wa tatu hubeba alama inayopanda na kushuka, kwa kawaida kati ya nusu volti na volti 4.5, kadiri mlango unavyotembea. Zile mbili za mota huonyesha volti karibu na 12 kwa muda mfupi tu amri inapotolewa, na volti hizo hugeuka pande mlango unaporudi.

Ikiwa volti zinafika na mota haizunguki, mota imekufa. Ikiwa inazunguka lakini alama ya waya wa tatu inaruka-ruka, kipimo kilicho ndani yake kimechakaa na kompyuta haijui tena mlango uko wapi. Hapo pia mota hubadilishwa nzima. Volti zisipofika kabisa, fuata nyaya hadi kwenye plagi ya kompyuta, ukitafuta pini iliyoota kutu au waya uliobanwa, kabla ya kuishtaki kompyuta yenyewe. Kompyuta ni ghali, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayobadilishwa kimakosa kuliko kifaa kingine chochote katika mfumo huu. Ikiwa mota za kushoto na kulia zina namba moja ya kifaa na hazitofautishwi kwa kupangiwa anwani, kuzibadilishana ni kipimo kizuri: kosa likihama pamoja na mota, umeshalipata.

Mota zenye nyaya 3 au 4 ambazo huzungumza na kompyuta kwa lugha ya kidijitali, pamoja na zile zinazotembea kwa hatua, zisipewe umeme wa betri moja kwa moja. Mota ya kawaida ya nyaya mbili inaweza kujaribiwa kwa betri ndogo ya volti 9, kwa kugusisha tu, ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye kasha.

Mlango wenyewe

Mota hushikwa na skrubu mbili au tatu zenye vichwa vidogo vya milimita 5.5 hadi 8, na angalau moja huwa mahali ambapo mkono hauingii bila kuchubuka. Piga picha kabla ya kuitoa, ili ukumbuke kijiti kilikuwa kimeelekea wapi. Ikishatoka, shika ncha ya mhimili wa mlango kwa vidole au kwa koleo dogo na uuzungushe taratibu. Mlango mzima hutembea kwa ulaini na kugota pande zote mbili, na kila ukingo husikika mgusano mzito wa sponji. Sasa washa injini yenye joto na bloa, uzungushe mlango kwa mkono hadi ukingo mmoja, kisha mwingine, huku ukipima hewa. Hewa ikibadilika kutoka moto hadi baridi, mlango na rejeta havina kosa, na kilichobaki ni mota au amri. Nikilazimika kuchagua kipimo kimoja cha kufanya baada ya kufika hapa, ningechagua hiki, kwa maana hakihitaji michoro ya umeme wala mashine.

Mhimili ukizunguka bila kugota popote, umekatika au vizuizi vya mwisho vimevunjika. Ukigoma kutembea, usiulazimishe. Mara nyingi kuna kitu kilichodondokea ndani kupitia matundu ya kuondolea ukungu, kama vile kalamu, sarafu au majani makavu, na kamera nyembamba ya uchunguzi ikipitishwa kwenye nafasi ya bloa huonyesha kilichomo. Ukitembea vizuri lakini hewa baridi ikawa na uvuguvugu usiokwisha, fikiria sponji iliyobandikwa kwenye mlango. Sponji hiyo huoza kwa miaka, na vipande vyake vyeusi hupulizwa hadi kwenye viti na miguu. Mtu aliyewahi kupangusa chembe laini nyeusi juu ya dashibodi ana ushahidi tosha. Katika baadhi ya magari mlango wenyewe una matundu ambayo yalizibwa na sponji tu, hivyo ikiisha, moto hupita katikati ya mlango uliofungwa kikamilifu.

Kubadilisha mlango uliovunjika hulazimu, katika magari mengi, kutoa dashibodi na kasha lote, na pengine kunyonya gesi ya AC kwa mashine. Kwa baadhi ya magari huuzwa milango mbadala inayoingizwa kupitia tundu linalokatwa ubavuni mwa kasha. Ulizia kama gari lako ni mojawapo kabla ya kukubali kazi kubwa.

Valvu za maji

Kwa gari la muundo wa valvu, weka pande zote LO injini ikiwa na joto, subiri dakika kadhaa, kisha gusa kwa tahadhari mipira inayotoka kwenye valvu kuelekea ndani. Yote miwili inapaswa kupoa. Ule unaobaki wa moto huonyesha valvu isiyofunga. Pima kama umeme unafika kwenye pini yake. Ukikumbuka kwamba umeme ndio unaoifunga, pini isiyo na umeme kwenye LO huelekeza kwenye waya au kompyuta, na pini yenye umeme huelekeza kwenye valvu iliyokwama kwa uchafu wa maji ya rejeta au yenye raba iliyochakaa ndani. Linganisha ukinzani wa koili mbili kwa multimita: zinapaswa kukaribiana. Koili iliyoshikana kwa ndani huweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoiendesha, kwa hiyo usifunge kompyuta mpya kabla ya kujiridhisha kuhusu koili. Mfumo wa maji hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa tu, na baada ya kazi hewa iliyoingia hutolewa kwa utaratibu wa gari husika, vinginevyo hita itakupa tatizo la kinyume.

Suluhisho la muda na umaliziaji

Kifaa kinapochelewa kupatikana, mlango unaweza kuzungushwa kwa mkono hadi upande wa baridi na kuachwa hapo mota ikiwa imetolewa na plagi yake imefungwa kwa utepe. Kukata maji ya hita ni njia nyingine, lakini usiizibe mipira miwili kila mmoja peke yake, kwa sababu katika injini fulani maji ya hita ni sehemu ya mzunguko unaoilinda injini; iunganishe pamoja kwa bomba fupi. Njia zote mbili hupunguza au kuondoa uwezo wa kukausha ukungu kwenye kioo cha mbele, na hazifai kwa anayeendesha alfajiri zenye baridi au mvua.

Mota mpya ikifungwa, linganisha umbo la kijiti chake na mhimili wa mlango kabla ya kukaza skrubu. Kikikaa vibaya, gia mpya itavunjika siku ya kwanza. Ifunge kwa mkono, bila kuikaza kupita kiasi, kwa kuwa skrubu hizo zimeshika plastiki. Rudia urekebishaji wa kompyuta ulioelezwa juu, futa misimbo, kisha rudia kipimo cha kwanza cha kipimajoto kwa LO, kwa nyuzi 22 na kwa HI. Mimi huridhika matundu mawili ya pembeni yakitofautiana kwa nyuzi 3 au pungufu katika hatua zote tatu, na hapo ndipo ninaporudisha droo na vifuniko vya dashibodi.